Mtoto kafikisha miezi tisa, kliniki wanamrudisha bila chanjo ya surua

Mkuu, nimekusoma. Shemeji kampeleka mtoto kliniki akaambiwa idadi ya watoto haijatimia arudi siku nyingine, karudi kakuta wimbo uleule, sasa kasusa, na mama mwenye nyumba anamjaza kwamba hata ile dozi ya pili ya mwaka na nusu ni usumbufu tu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Manzese, Dar, napita nyumba kwa nyumba na daftari langu, hii habari yako naisikia sana.

Ishu iko hivi. Chanjo ya surua (toka 2014 inachomwa pamoja na rubela kwenye sindano hiyohiyo) haiji ikiwa maji, ni unga mkavu kwenye kichupa, nesi anauchanganya na maji yake maalum na kichupa kimoja kinatoa dozi 10. Kikishachanganywa mwisho masaa sita, kikibaki kinamwagwa. Sasa nesi akiangalia benchi akaona watoto wawili tu anaogopa kumwaga dozi nane, bosi wake akimuuliza atajibu nini, anaona bora awaambie mje Alhamisi. WHO (Shirika la Afya Duniani) wenyewe wanasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, ila WHO hawapo pale zahanati akihesabu stoo. Nesi simlaumu saaana, lakini kwa mama anayeuza vitumbua hiyo Alhamisi ni mtaji wa siku nzima umeenda. Nikifuatilia kadi zenye mapengo huku mtaani wengi wala hawajakataa chanjo, walirudishwa tu, au walihama, leo Manzese kesho Mbagala na kadi ikapotelea humohumo.

Kwa hiyo shemeji aulize kabisa siku ya surua ni ipi, awahi asubuhi, na akusanye wamama wenzake wa hapo uani. Kuna nyumba moja ya wapangaji huku kwetu walifanya hivyo, wakatoka kundi zima na watoto mgongoni, nesi akawaona mlangoni akacheka, "haya leo mmenikomesha", kichupa kikafunguliwa. Na kadi ikipotea aende hivyohivyo, mtoto akirudiwa chanjo hadhuriki. Chanjo ni bure.

Kuhusu mama mwenye nyumba mwambie hivi kwa heshima: ile ya miezi tisa inawakamata kama watoto 85 kwa kila 100, hao 15 wanaobaki wamechomwa ila kinga haijashika na kwa macho huwezi kuwajua. Ya miezi 18 ndo inawafuata hao. Na nyumba zetu unazijua, korido moja, vyumba vinane, choo kimoja, mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza wengine 12 mpaka 18 wasio na kinga na virusi vinaelea hewani hadi masaa mawili hata mwenyewe akishaondoka. Amechelewa, kafika miaka miwili? Bado anapewa, apelekwe tu.

Halafu kuna hili la "sindano imemletea surua". Wiki moja hivi baada ya chanjo baadhi ya watoto wanapata homa kidogo na vipele vyepesi, vinaisha vyenyewe, hiyo si surua. Surua yenyewe mtoto anawaka homa kali, kikohozi, mafua, macho mekundu yanatoa machozi, halafu vipele vinaanzia usoni na nyuma ya masikio vinashuka. Ukiona hivyo usimfungie ndani umnyime kuoga na kumpaka mwarobaini, mkimbize hospitali, pale wanampa vitamini A siku mbili mfululizo inayosaidia sana macho na kupunguza vifo, na nimonia ndo inayoua wengi.

Umeuliza pia mtoto wa dada yako wa miezi saba kama anaweza kwenda nao siku hiyohiyo. Hapana, asubiri tisa. Wanaanza na wa miezi sita hasa pale mlipuko ukitokea, na hata hapo ile dozi haihesabiwi, miezi tisa ikifika anachomwa tena.