MGB ya 1966 inang'aa, lakini picha zote ni za baada ya rangi

Swali: Fundi, nimepata mtu anayeuza gari aina ya MGB ya mwaka 1966, ile ya wazi ya viti viwili. Anasema imekarabatiwa yote: rangi nyekundu imepigwa upya, viti ni vipya, injini imefanyiwa ovahoo. Nimeiona mara moja na inapendeza mno. Picha za kazi anazo chache, na zote zilipigwa baada ya rangi. Nikirudi, nikague nini nisije nikanunua kutu iliyopakwa rangi?

Jibu: Ndugu msomaji, hizo picha ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Mtu aliyelipia kukatwa kwa mabati yaliyooza na kuchomelewa mapya hupiga picha bodi ikiwa uchi, maana fedha zake nyingi ziliishia hapo. Muulize kwanza kama anazo.

MGB haina chasi, yaani fremu ya chini, ya peke yake. Kule Abingdon, Uingereza, ilikoundwa kuanzia 1962 hadi 1980, bodi na chasi vilifanywa kitu kimoja. Na kwa kuwa gari la wazi halina paa la kulishikilia, sehemu kubwa ya nguvu yake imo kwenye maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango, kulia na kushoto. Sisi tunayaita sili. Kila sili ina bati la nje unaloliona, bati la kati lililofichika, na jingine la chini linaloshikana na sakafu. Tope hurushwa na magurudumu, likapenya nyuma ya madigadi na kukaa humo ndani, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiona kiputo cha rangi chini ya mlango, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama, ujue kutu imeshafanya kazi siku nyingi.

Ujanja unaotumika sana ni kuvisha bati jipya juu ya lililooza, kupaka puti, ile ya kujazia mabonde, kisha rangi. Niliwahi kukata sili ya gari lililonunuliwa kama "limekarabatiwa" nikakuta mabati matatu yamepandana, na lile la zamani linabomoka kwa kidole. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni yangu. Sipendi kuliona tena jambo lile, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Sili halisi haiishii pale mlango unapoishia. Mbele inaingia nyuma ya madigadi, na nyuma vilevile. Kwa hiyo anayeibadilisha sawasawa lazima afungue madigadi ya mbele, ambayo yamefungwa kwa bolti, na akate sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma. Muulize muuzaji kazi hiyo ilifanywaje na usikilize anavyojibu. Kisha lala chini na tochi. Kwenye ukingo wa chini wa sili, mabati yanapokutana, kiwandani waliyaunganisha kwa nukta za kuchomelea zilizopangwa mstari, na fundi mzuri huzirudishia. Ukikuta lami nyeusi nzito imepakwa upya ukingo mzima, hapo kuna kitu kinafichwa au kuna fundi asiyetaka kazi yake ionekane. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene.

Hata sili mpya kabisa zinaweza kuliharibu gari. Zikikatwa za zamani bila bodi kuegemezwa na kufungwa vyuma vya kuishikilia, gari hulegea katikati, kisha fundi huchomelea mpya na kuligandisha likiwa limepinda. Tazama nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi: ikibana juu na kupanuka chini, limepinda. Kisha lipandishe upande mmoja kwa jeki, pale panapowekewa jeki, ukiiangalia nafasi hiyo. Isibadilike, na mlango ufunguke na kufungika kama kawaida. Ukigoma, usiendelee na mazungumzo ya bei. Chuma kikianza kulia au jeki ikizama, shusha mara moja.

Funua na zulia nyuma ya viti. Gari la mwaka huo lilikuwa na betri mbili za volti 6 huko, na visanduku vyake huoza sana.

Injini isikusumbue kiasi hicho. Ni ya sentimita za ujazo 1798, na tangu mwishoni mwa 1964 krankshafti yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inakaa kwenye beringi tano badala ya tatu, kwa hiyo ni ngumu kuchoka. Ikishapata moto na gari likitembea, presha ya oili iwe pauni 50 hadi 80 kwa inchi ya mraba. Mimi ningenunua yenye injini mbovu na bodi nzima kabla ya kinyume chake. Gia ya kwanza ikikwaruza ukiiingiza gari likitembea, usimlaumu muuzaji. Mwaka huo haikuwa na sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza.

Kama anaiita "halisi", soma namba. Ya bodi ianze na GHN3, na herufi L baada yake ina maana ilitoka kiwandani na usukani kushoto. Ya injini ianze na 18GB. Makumbusho ya British Motor Museum, Gaydon, hutoa cheti kinachoonyesha tarehe ya kuundwa, rangi ya kwanza na namba ya injini. Rangi hii nyekundu ikiwa siyo ya kwanza, si dhambi, ila bei ilingane na ukweli huo.

Ikiwa na rimu za spoki, inua gurudumu, mtu akanyage breki, nawe ulizungushe huku na huku. Likigonga, meno ya habu, yaani kitovu ambamo gurudumu linashika, yamelika.

Nenda mchana, na umwambie asiwashe gari kabla hujafika. Injini hiyo unataka kuisikia ikiamka ikiwa baridi.