Mstari wa Retrosesheni: Kwa Wadogo Zangu wa Ofisi za Bajeti

Wadogo zangu mlioanza kazi mwaka huu katika ofisi za usultani (chefferie) na sekta, yaani serikali za mitaa za vijijini hapa Kongo, juma lililopita hapa Bukavu nimesoma makadirio matatu mliyoyaleta, na katika yote, kwenye mstari wa retrosesheni (fungu la mapato ya taifa linalorudishwa mikoani na kwenye serikali za mitaa), nimekuta kosa lililoniumiza mimi nilipokuwa mgeni kama ninyi.

1. Sheria isomwe pamoja na taarifa ya benki. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, tena ikatwe palepale yanapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 nayo inazipa ETD (serikali za mitaa zenye madaraka yake, kama usultani na sekta) asilimia 40 ya fungu hilo. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga hesabu hiyo, nikaiandika yote kuwa mapato ya hakika, na juu yake nikapanga nyumba ya kujifungulia. Nilikwenda mwenyewe kijijini kuwaambia watu kwamba wao walete mawe na mchanga tu, mengine yatatoka ofisini. Akina mama walipandisha mawe kutoka mtoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, salongo (siku ya kazi ya pamoja ya kijiji) baada ya salongo. Retrosesheni iliyofika haikutosha hata kulipa malimbikizo ya mishahara. Nilipopita tena, majani yalikuwa yameota juu ya lundo lile, na mama mmoja mzee akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, tuyarudishe mtoni?” Sikuwa na jibu, na swali lile ninalo hadi leo. Tangu hapo ninaandika kiasi kilichofika kweli miaka iliyotangulia, na ujenzi unaotegemea retrosesheni hauanzi kabla fedha hazijaonekana benki.

2. Anayekadiria ushuru asiupokee yeye.

3. Penye mgodi, asilimia 15 ya mrabaha (malipo ya mwenye mgodi kwa madini anayouza) ambayo Kanuni ya Madini ya 2018 inaipa ETD isiliwe na posho.

4. Sheria inawakabidhi masoko na barabara za vijijini, lakini haiwalipi mafundi. Nendeni sokoni alfajiri ya siku ya gulio, mhesabu meza wenyewe bila kutegemea daftari la mwaka jana. Mimi nilihesabu kwa kuchelewa mno, nikakuta meza nyingi ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Ushuru wa meza hizo ndio uliopandisha kuta za nyumba ile ya kujifungulia hadi madirishani, na mabati yakasubiri mwaka mwingine.

Makadirio yenu yako mezani kwangu, mstari wa retrosesheni nimeuzungushia wino mwekundu. Njoni tuuandike upya kabla baraza halijaketi.