Muulize bibi na leso iwe mkononi

Siku ya pili ya matanga ya bibi yetu, mama mmoja aliyevuka kutoka Likoni kuja kutuhani aliniuliza swali jepesi: marehemu alikuwa na miaka mingapi? Nikafungua kinywa nikakuta sina jibu. Mamangu akasema tisini na mbili. Khalati akasema mia kasoro kidogo. Binamu akaenda chumbani kuleta kitambulisho, nacho kikasema tarehe 1 Januari 1930. Wazee wa pwani waliozaliwa tarehe 1 Januari ni wangapi, Mungu ndiye ajuaye. Karani alitaka tarehe, akapewa tarehe.

Bibi mwenyewe hakuhesabu kwa miaka, alihesabu kwa mambo. Mjomba alizaliwa mwaka aliokuja Mombasa binti mfalme Margaret wa Uingereza, basi hiyo ni 1956. Khalati mkubwa aliolewa bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja bado yapepea Ngomeni, yaani Fort Jesus, kwa hiyo si baada ya 1963. Ngome yenyewe aliiita Gereza mpaka anakufa, maana tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela kweli kabla ya kuwa makumbusho, na watu kulipa ili waingie jela ni jambo lililomchekesha maisha yake yote. La kutusaidia zaidi lilikuwa daraja la Nyali. Lile la kwanza, la kuelea, lilifunguliwa 1931, na bibi alilivuka siku zake za mwanzo, kashikwa mkono na nyanyake, akilia kwa sababu lilikuwa likicheza chini ya miguu. Wakati huo alikuwa keshamaliza juzuu ya Amma chuoni, yaani madrasa. Mtoto wa mwaka mmoja hamalizi juzuu. Nikapiga hesabu palepale jamvini nikamwambia yule mama: tisini na sita, saba hivi.

Haya yote niliyapata kwa bahati, si kwa ujuzi. Mara ya kwanza nilimwendea na daftari, maswali ishirini nimeyapanga kwa nambari. Alijibu matatu, kisha akanitazama. "Wewe ni polisi?" Akajifunika leso akalala. Nilikasirika, lakini haki ilikuwa yake. Ukimwambia mzee akuhadithie maisha yake, atakwambia tulikaa, tukaishi, alhamdulillahi, basi.

Kilichomfungua ulimi ni sanduku. Siku moja nilikuwa namsaidia kuanika leso zilizoshika ukungu, na kila niliyoitoa ilikuja na mtu wake: hii ya arusi ya fulani, hii aliletewa na babu alipotoka Lamu. Chini kabisa palikuwa na moja iliyofifia, imeandikwa HASIDI HANA SABABU, upande mmoja tu wa doti. Nikauliza mwenzake uko wapi. Akacheka mpaka akashika ubavu. Doti ile aliinunua kumpiga kijembe jirani wa mlango wa pili. Akaivaa wiki nzima, kila jirani akitoka naye anatoka. Kisha jirani akajifungua usiku, mkunga akachelewa, na aliyekimbilia ni bibi. Mtoto alipotoka hapakuwa na nguo safi karibu ila ile leso. "Nikamfunga nayo. Na maandishi yake!" Hakuidai tena.

Kwa hiyo mpe kitu akishike. Leso, picha, kinu, mbuzi ya kukunia nazi. Kama ni mapishi, nenda jikoni ukakae kitako, usiombe vipimo kwa maneno. Bibi alisema "unga kiasi," na kiasi chake ni kiganja chake, si changu. Dada yangu alikuwa akiuchukua mkono wake juu ya bakuli na kuupima unga kwa mizani kabla haujamwagwa. Bibi alinung'unika sana, ila mahamri tunayokula Idi leo ni yake yaleyale, na iliki haijazidi.

Picha za zamani ziandike majina nyuma kwa penseli laini, maana wino hupenya ukaharibu sura. Fanya leo, kabla hajakwambia "huyu nimemsahau." Na sauti ukiirekodi, itume kwa jamaa siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na saa mbili na zaidi za bibi kwenye simu, na simu ikanitumbukia baharini nikipanda feri. Zilizobaki ni dakika kumi na moja nilizokuwa nimemtumia binamu wa Muscat. Katikati yake kuna adhana na mtu anauza samaki dirishani. Sitaki vikatwe.

Jambo jingine: msigawane vitu kabla ya arubaini. Kwetu watu walitaka kufungua sanduku siku ya khitma, kwa nia njema tu, kila mmoja apate ukumbusho. Tukaomba wasubiri, tukazipiga picha leso zote kwanza, moja moja, na jina la aliyepewa.

Ile ya hasidi ikaangukia kwangu. Nikamhadithia mamangu kisa chake. Akaishika, akaitazama pindo, akasema, "Hii? Hii niliinunua mimi." Na jirani je? "Jirani yupi?"

Nimeandika vyote viwili, cha bibi na cha mama, na wiki ijayo naenda kwa khalati.