Huyo ndege wa mtaroni Florida haumwi, ndivyo alivyo

Mleta mada, nimekusoma. Ndege mweupe wa kufika kiunoni, kichwa cheusi hakina unyoya, miguu kama imepakwa chokaa, kasimama kwenye mtaro nyuma ya nyumba yenu huko Orlando, mdomo wazi, hatikisiki. Unauliza kama anaumwa na kama umrushie mkate. Haumwi. Huyo ni korongo ambaye Wamarekani humwita wood stork, kitaalamu Mycteria americana. Nimekaa Florida kusini miaka mingi, hawa ni majirani zangu, na kila ulichokitaja ndicho kinachomweka hai.

Upara kwanza. Kinda ana manyoya kichwani na mdomo wa njano iliyofifia. Akikua manyoya yanapukutika mpaka shingoni, inabaki ngozi ya kijivu yenye magamba, na mdomo unakuwa mweusi. Kwa hiyo uliyemwona ni mtu mzima.

Ule weupe wa miguuni ni kinyesi, samahani kwa wanaokula. Joto likimzidi anajinyea miguuni makusudi, majimaji yakikauka yanampoza. Waliofika Kampala wamewaona kaloli wa majalalani na miguu myeupe vilevile. Ni ukoo mmoja, na ujanja ni huohuo.

Sasa huo mdomo wazi, maana hapa ndipo penye utamu. Korongo huyu hategemei macho kuvua. Anaingia kwenye maji ya kina kifupi, mara nyingi yenye tope, anautumbukiza mdomo ukiwa umeachama kidogo na kusubiri. Siku moja nilisimama karibu kabisa na mmoja kwenye bwawa la maji ya mvua. Alikuwa anachokoa tope kwa mguu, vidole vya waridi vikichomoza na kuzama, mara anafungua bawa moja ghafla, nadhani ili samaki waliojificha wakurupuke. Samaki akigusa mdomo tu, unafyatuka kama mtego wa panya. Watafiti walipima miaka ya 1960 wakapata milisekunde 25 hivi. Nilichoona mimi ni kichwa kurudi nyuma na kitu kushuka kooni. Kule kufunga kwenyewe jicho langu halikuwahi.

Kumtofautisha na wengine si kazi. Yangeyange mkubwa ana mdomo wa njano, shingo nyembamba yenye manyoya, na akiruka anaikunja shingo. Kwarara mweupe ni mdogo zaidi, mdomo mwekundu uliopinda, na weusi wa bawa uko nchani tu. Korongo akiruka ananyoosha shingo na miguu, na ukingo wote wa nyuma wa bawa ni mweusi pamoja na mkia. Saa nne asubuhi, jua likishika, tazama juu: kundi linazunguka kwenye hewa ya moto bila kupiga bawa, sawa na tai. Na usisubiri sauti. Mkubwa karibu ni bubu, anagonganisha mdomo tu akiwa kiotani.

Uvuaji wa kugusa una sharti gumu: samaki lazima wawe wamebanana. Ndiyo maana ndege huyu anataka maji yanayopungua. Kiangazi cha Florida kinapokausha vinamasi, samaki wanakusanyika kwenye vidimbwi, na hapo ndipo anapolea. Jozi moja na makinda yake inahitaji kilo kama 200 za samaki kwa msimu. Mvua kubwa ikinyesha katikati, samaki wanatawanyika, na wazazi wanaweza kuyaacha makinda kiotani. Lakini maji yakikauka kabisa chini ya miti ya viota nako ni balaa. Aligeta, jamaa wa mamba, wanaoogelea chini ndio walinzi bila mshahara: wakiondoka, rakuni, wanyama wadogo wezi wa mayai, wanapanda na kuyamaliza. Ndege wa maji ya katikati, yasijae wala yasikauke kabisa.

Halafu binadamu akaja na mifereji. Everglades, vile vinamasi vikubwa vya Florida kusini, ilipokatwakatwa, ratiba ya maji ikavurugika. Zamani walianza kutaga kule Novemba au Desemba. Siku hizi mara nyingi ni Februari au Machi, kwa hiyo mvua za Mei na Juni zinakuta makinda bado hayajaruka. Kutoka jozi 15,000 hadi 20,000 miaka ya 1930, kusini-mashariki mwa Marekani zilibaki kama 5,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 serikali ikamweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na 2014 akapandishwa daraja kuwa wa kutishiwa tu. Kilichomwokoa, kwa maoni yangu, ni miguu yake mwenyewe pamoja na sheria: alihamia Georgia na Carolina, na akajifunza kula kwenye mitaro kama wa kwenu.

Ukitaka kuwaona viotani, shuka Wakodahatchee Wetlands, Delray Beach, kati ya Februari na Mei. Kuna njia ya mbao juu ya maji, viota viko karibu kiasi kwamba simu inatosha kupiga picha. Nenda mapema, maegesho yanajaa.

Kuhusu mkate: hapana. Yeye ni wa samaki, na akizoea kulishwa ataanza kufuata watu na kuzagaa barabarani. Kama kuna nyuzi za kuvulia zimetupwa kwenye huo mtaro, ziokote. Hizo ndizo zinazomtega miguu, na hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kupiga simu kumwombea msaada.