Kaa na kalamu mbele ya taarifa ya habari

Mtu akilalamika kwamba kituo fulani cha runinga kina upande, mara nyingi anawinda uongo. Uongo mtupu ni ghali. Mwaka 2023 Fox News ilikubali kuilipa Dominion, kampuni ya mashine za kupigia kura, dola milioni 787.5 ili kumaliza kesi ya kuchafuliwa jina, iliyotokana na madai ya wizi wa kura katika uchaguzi wa Marekani wa 2020. Upendeleo wa kila siku hupita mlango mwingine: habari ipi imetangulia, ipi imeachwa, nani kapewa kipaza sauti na nani kasemewa. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini mvuto huo unahesabika.

Rekodi taarifa kuu ya vituo viwili kwa siku tano. Chora karatasi yenye safu tano: nafasi ya habari katika mpangilio, urefu wake kwa sekunde, nani anasikika kwa sauti yake mwenyewe na kwa sekunde ngapi, kitenzi kilichotumika kumnukuu, na picha iliyoonyeshwa. Safu ya tatu ndiyo yenye siri nyingi. Waziri akisikika sekunde 25 kwa kinywa chake, kisha mwandishi akafupisha jibu la upinzani kwa sentensi moja, kituo kitasema pande zote mbili zilisikika. Saa ya simu yako itasema vingine.

Hapa wengi hukosea kwa kujumlisha sekunde za chama tawala na za upinzani wiki nzima, wakaona tofauti, wakatoa hukumu. Serikali hutia saini, huteua, huzindua. Itaonekana zaidi hata kwa mhariri mwadilifu. Linganisha sekunde ndani ya mgogoro mmoja tu, pale pande zote zina la kusema. Wiki ya uchaguzi au ya msiba mkubwa usiitumie kama kipimo cha siku za kawaida.

Vitenzi navyo vina mizani yake. “Alisema” hakina rangi. “Alidai” kinamtilia mtu shaka, “alikiri” kinamtia hatiani, “alifafanua” kinampa haki kabla hajathibitisha lolote. Kama wa upande mmoja hufafanua kila siku na wa upande wa pili hudai kila siku, umeshapata jibu. Isipokuwa kwenye habari za mahakama: “anadaiwa” hapo ni kumlinda mshtakiwa ambaye hajahukumiwa. Angalia pia mtenda anapopotea. “Watu watatu wamepoteza maisha katika vurugu” na “polisi wamewapiga risasi watu watatu” zinaweza kuwa habari ya tukio lilelile.

Kwenye picha, tafuta ile iliyopigwa kutoka juu au mbali. Watu mia mbili waliosongamana mbele ya kamera huonekana kama umati usio na mwisho. Kituo kinachokupa nyuso za karibu tu katika mkutano wa chama kimoja, na viti vitupu katika mkutano wa chama kingine, hakihitaji kusema neno.

Kura za maoni: sampuli nzuri ya watu 1,000 ina ukingo wa makosa wa asilimia 3 hivi, juu au chini. Mgombea mwenye 48 hajamshinda mwenye 46, hata mtangazaji akitamka “anaongoza” kwa mbwembwe. Kama hawakutaja tarehe, idadi ya waliohojiwa na aliyelipia, iruke.

Sasa uchaguzi wa vipindi. Mijadala ya usiku imejaa kwa sababu ni rahisi kutengeneza: meza, mwendeshaji, wageni watatu, hakuna mwandishi aliyetumwa popote. Mgeni huitwa “mchambuzi”, na mara chache utaambiwa nani humlipa. Mimi ningeiacha yote. Weka badala yake taarifa kuu moja, matangazo ya moja kwa moja ya bunge panapokuwa na mswada unaokugusa, na mahojiano marefu ya mtu mmoja, ambapo mwulizaji ana nyaraka mkononi na anarudia swali lililokwepwa.

Usitegemee sheria ikufanyie kazi hii. Uingereza huvitaka vituo viripoti bila kupendelea, na Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya huko, husimamia. Bado mhariri ndiye anayechagua habari ya kwanza. Marekani ilikuwa na kanuni ya usawa kuanzia 1949, ikafutwa 1987. Na usawa wa dakika si haki kila mara: ukimpa anayekanusha vipimo muda sawa na aliyepima, mtazamaji ataamini hoja zao zina uzito mmoja.

Kuna kasoro moja ya kipimo isiyo ya kituo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 1985 uliwaonyesha watazamaji waliounga mkono Israel na waliounga mkono Waarabu habari zilezile za mauaji ya 1982 katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut. Kila kundi liliona habari hizo zimelionea. Kwa hiyo kabla ya kuandika “upendeleo” kwenye karatasi, badilisha majina ya vyama katika habari hiyo, uisome tena kwa sauti. Kama hasira imekwisha, futa alama uliyoweka.