Muulize Fundi: Koki ya jikoni

SWALI: Fundi shikamoo. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi, na tenki liko juu ya mnara wa mita 3. Koki ya sinki imechubuka, inavuja. Ninunue ipi?
– Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dukani ipime kwa mkono: ya shaba ni nzito. Kisha tazama meno ya kufungia. Yakiwa ya njano, hiyo ndiyo. Nyepesi inayong'aa iache, chumvi itaila. Zile za kuvuta mpira wa kunyunyizia zinataka presha, na mnara wako unatoa kama bar 0.3 tu. Chukua ya shingo ndefu, sufuria ya pilau ipite chini. Bomba la ukutani huwa nusu inchi, lakini lipime. Chujio la mdomoni likiganda chumvi, lifungue, liloweke kwenye siki.