Toboa Paa: Antena ya Redio ya Upepo Ikae Wapi Kwenye Gari la Porini

Ilikuwa masika ya mwaka jana, ndani ya Magu upande wa mto Simiyu, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ugali wa muhogo. Gari lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli, pua imeelekea porini. Mwenzangu alikuwa ameegesha Land Cruiser ya pili kwenye barabara ya Musoma, nyuma yangu, umbali usiofika kilomita 10. Nchi ile ni tambarare, hakuna hata kilima. Nilimwita mara tano kwa redio ya gari, yenye nguvu ya wati 25, nikaambulia mikwaruzo na vipande vya maneno. Mwishowe nikachukua redio ndogo ya mkononi, ya wati 5, nikapanda juu ya keria na viatu vyangu vya tope, nikamwita tena.

"Nakupata vizuri sana, kaka. Uko wapi?"

Usiku ule, tukiwa tumeshavutwa na kutolewa, sikuwaza tope. Niliwaza inakuwaje wati 5 zishinde wati 25. Redio ilikuwa nzima, betri nzima. Tatizo lilikuwa mahali antena ilipofungwa: kwenye ngao ya mbele, ile ya mabomba juu ya bampa. Kati yake na mwenzangu kulikuwa na kichwa chote cha gari, bati na vioo na nguzo zake, kimesimama kama ukuta. Nilipopanda juu ya keria niliuvuka ukuta huo.

Antena ile nilifungiwa na fundi mmoja hapa mjini Mwanza, na sikubisha, maana nami niliona inapendeza. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezoea kuiona pale. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka na kuingia Ngara, magari meupe ya mashirika ya misaada yalijaa ukanda huu, na kwenye ngao zake zilisimama antena ndefu zilizokuwa zikiyumba kwa kila shimo. Antena zile zilikuwa za HF, yaani masafa kati ya megahezi 3 na 30. Mawimbi yake hupanda juu, yakarudishwa na tabaka la juu la angahewa, yakashuka mamia ya kilomita mbali, kwa hiyo kivuli cha kichwa cha gari si tatizo kubwa kwake. Halafu ni ndefu na nzito, ukiiweka juu ya paa itang'oa bati. Mahali pake ni pale pale kwenye ngao. Redio nyingi tunazofunga leo ni VHF, megahezi 136 hadi 174, na mawimbi yake huenda kama mwanga wa tochi: ukisimama nyuma ya ukuta, hayakufikii vizuri. Tumechukua mahali pa antena moja tukaipa antena nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja. Kwenye megahezi 150 wimbi zima lina urefu wa mita 2, na antena ya robo wimbi ina sentimita 50 hivi. Ufito huo unaouona ni nusu tu ya antena. Nusu nyingine ni bati lililo chini yake, na linatakiwa litandae angalau sentimita 50 kila upande. Sasa tazama gari lako. Ni wapi penye bati tupu, pana, lililo juu kuliko vyote? Ni katikati ya paa. Hapo antena inaona pande zote nne, na bati linaizunguka kwa usawa.

Sikwenda paani moja kwa moja. Niliogopa kutoboa gari, nikajaribu kwanza pembeni mwa keria kwa kibano. Kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu kiasi gani inagonga na kurudi redioni badala ya kutoka, kilisoma 2.8. Kikisoma 2, asilimia 11 ya nguvu inarudi. Kikisoma 3, inarudi robo nzima, na redio inaweza kuungua polepole. Nikagundua keria yangu imekalia miguu ya raba, na pale kibano kilipobana pana rangi nzito. Yaani ile antena haikuwa na ethi kabisa, haikuungana na bati la gari. Nilikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaunga utepe mpana wa shaba iliyosukwa kutoka keria hadi kwenye bodi. Kikashuka hadi 1.7. Nafuu, lakini siku niliyofunga madumu mawili ya dizeli jirani na ile antena, kikapanda tena. Keria ni mahali pa mizigo, na mzigo wa chuma ukisogea, antena nayo inabadilika.

Basi nikaenda kwa fundi bati wa makamo kule Nyakato, mtu mwenye mkono mtulivu. Alilizunguka gari, akanitazama.

"Kijana wangu, bati zima hivi, halijaona kutu, unataka nilitoboe?"

"Toboa, mzee. Nimeshapima mara tatu."

Kabla ya yote tuliishusha dari ya ndani. Usimruhusu fundi aanze bila hilo, kwa sababu chini ya bati kuna mbavu za chuma na waya za taa, na magari mapya mengine yana mifuko ya hewa pembeni. Tulibandika tepu ya karatasi, tukachora msalaba kwa penseli, akaanza na tundu dogo la milimita 3, kisha msumeno wa duara wa milimita 19, ambao ndio ukubwa wa kitako cha antena niliyonunua. Mzee aliupaka msumeno grisi ili unga wa chuma ushikamane nao usitapakae. Uliobaki aliufuta kwa sumaku, taratibu, akinisisitizia kwamba huku kwetu ziwani, kwa umande wa usiku, vumbi lile likilala juu ya paa asubuhi utakuta madoa ya kutu. Ukingo wa juu wa tundu ukapakwa rangi ya kuzuia kutu. Upande wa chini aliukwangua uwe chuma kitupu, ndiko ethi inakoshika. Kipimo kikasoma 1.2, na madumu yakiwa juu ya keria, mbali kidogo, hakikutikisika.

Wenye magari ya watalii mtaniambia, paa letu linafunguka. Kweli, na msithubutu kuiweka pembeni mwa uwazi ule, kwa sababu mgeni akisimama ufito unakuwa usawa wa macho yake, na redio ikirusha anakuwa amesimama karibu sana nayo. Wekeni kwenye kipande cha bati cha mbele juu ya dereva, kama kina upana wa kutosha, au juu ya madigadi karibu na kioo cha mbele, ambapo boneti litasaidia kuwa ethi. Na kama paa ni la faiba, kuna antena za nusu wimbi ambazo hazitegemei sana bati chini yake. Ni ndefu zaidi, takribani mita 1, basi tafuteni yenye springi.

Springi hata mimi ninayo. Matawi ya miembe vijijini ni ya chini, na migunga haina huruma.

Waya wa antena nao una maisha yake. Wangu wa kwanza ulipitishwa kwenye mlango wa nyuma, kila ukifungwa unaubana. Nilipouchana nilikuta ule wavu wa shaba wa ndani umekuwa kijani, maji ya mvua yameutembea kama utambi. Upitishe ndani ya nguzo ya gari, kata unaozidi badala ya kuuviringisha nyuma ya dashibodi, na funga maungio ya nje kwa tepu ya raba inayojishika yenyewe. Umeme wa redio uchukue kwenye betri moja kwa moja, fyuzi iwe karibu na betri. Na masafa ombeni leseni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ukimaliza kufunga, usijaribu ukiwa mjini, mawe na vilima vya Mwanza vitakudanganya. Toka hadi nje ya Kisesa, mahali peupe, mwache mwenzako mbali, akiwa na redio yake. Simamisha gari likimtazama, mwite, kisha geuza robo, mwite tena, hadi umalize mzunguko. Kwenye ngao, niliporudia jaribio hili, nilimpoteza kila nilipompa mgongo. Kwa antena ya paani alinijibu mara nne kwa sauti ileile, na mara ya nne akaniuliza kwa nini namsumbua.